Silvesta Nambunga na Nafasi ya Jina

Wazee wetu, shikamooni. Majirani na wageni mliofika hapa Chilangala, poleni na safari. Mimi ni Dorika, mdogo wake marehemu. Nitasoma bila kupamba, maana kifo cha kaka yangu hakina pambo.

Marehemu Silvesta Christopher Nambunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa kijijini, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Christopher na Mama Scholastika. Mwaka 1977 aliingia jando la kanisani, akatoka akiitwa Silvesta, na jina la utoto likaachwa huko. Wageni waelewe: kwetu, kumwita mtu mzima jina la kabla ya jando ni kumvua nguo hadharani. Watu wameshikiana mapanga kwa hilo.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1980, sekondari Masasi mwaka 1984, na chuo cha ukutubi, yaani kazi ya maktaba, Bagamoyo mwaka 1990. Kupanga vitu alikuwa nako tangu mdogo. Siku moja alizihamisha mbegu zote za Mama kwenye vibuyu vipya na kubandika karatasi zenye majina. Mama hakujua kusoma; mbegu alizitambua kwa kibuyu chake cha zamani. Akapanda choroko kwenye shamba la kunde, kisha akamcharaza mwanawe kwa mwiko mpaka ukavunjika.

Tarehe 12 Juni 1993 alimuoa Helena wa Chiungutwa. Hawakuwahi kulala wamenuniana, na mimi niliishi nao, najua.

Alifanya kazi katika maktaba ya chama kimoja cha wasomaji pale Masasi. Nchi ilipofungua biashara na nje, kompyuta kuukuu zikaingia nchini, na maktaba ikapata mbili mwaka 1999. Silvesta akajiunga kwa barua pepe na wataalamu wa nchi za mbali waliokuwa wakitengeneza programu huria ya kuorodhesha vitabu, ile isiyouzwa, ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha. Kazi yake ilikuwa kuchora muundo wa data: nini kiandikwe kuhusu kitabu, nini kuhusu mtu, na viunganishwe vipi.

Mchoro wake wa kwanza ulimpa kila mtu nafasi moja tu ya jina. Tarehe 6 Novemba 2001 alibandika ukutani orodha ya kanda za nyimbo za wazee. Mzee Mahmudu wa Newala, mmoja wa waimbaji, alikuwa na majina mawili kwenye maboksi ya kanda hizo. Kompyuta ikachukua moja, la utoto.

Kesho yake saa nne asubuhi, Lukmani, mpwa wa mzee, aliingia na wenzake wawili. "Umemvua mjomba wetu, wewe!" Walimvunja mkono wa kulia kwa mchi, wakampasua jicho, wakampiga mateke ya kichwa hata alipokwisha nyamaza. Nilimkuta sakafuni, damu imeingia hadi kwenye droo za kadi. Sijasamehe, na ninasema hivyo mbele ya jeneza.

Akiwa kitandani hospitali ya Ndanda aliomba karatasi. "Mama Dorothy, nishikie isiteleze," alimwambia mkewe, akachora kwa mkono wa kushoto: kisanduku kimoja cha mtu, vingine vya majina yake, na kila jina na alama yake, litajwe au lisitajwe. Wale wa mbali wakajibu kwamba ni kuongeza ugumu bure. Aliwaandikia: "Mimi nimeupima kwa fuvu langu." Mei 2002 waliukubali mchoro wake. Lukmani alipotoka gerezani, Silvesta alimwonyesha orodha mpya. Mimi nilitoka nje.

Kifafa kilichomwanzia baada ya kipigo hakikumwacha. Alhamisi tarehe 17 Juni 2004 kilimbwaga kwenye ngazi za maktaba. Alifariki Ndanda Jumamosi tarehe 19, akiwa na miaka thelathini na minane.

Ameacha mjane, Helena, watoto wawili, Dorothy na Ladislaus, mama yetu, na mimi.

Wasifu huu ulichapwa mara mbili. Mara ya kwanza nilinakili jina lake kutoka ripoti ya darasa la pili, iliyokuwa sandukuni kwa Mama. Huzuni ilinipofusha. Jana Lukmani alikuja kuchimba kaburi, akaona karatasi, akaniita pembeni. "Dada, hili hapana," alisema. "Kwa hili mimi niliua." Tukazichoma pamoja, nakala zote mia mbili.

Silvesta, lala salama. Halijatajwa.