Mgonjwa wa Kumi na Tisa

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, daktari wetu mkuu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi shemeji yetu na watoto mliotuazima mama yenu miaka ishirini na miwili: hamjambo?

Nimepewa dakika tano nimuage mwenzangu. Kwa wageni, kazi yetu ni hii: dawa mpya ikijaribiwa, sisi huandika programu za kompyuta za kuhesabu nani alipona na nani alidhurika. Kila jedwali huandikwa na watu wawili wasiochunguliana, kisha majibu yanalinganishwa. Mimi na yeye tulitenganishwa na ubao mwembamba. Tuliongea juu ya mawifi, viatu na homa za watoto. Juu ya jedwali, marufuku! Majibu yakitofautiana, sauti ilipanda juu ya ubao: "Hailingani!" Ndiyo maana mnamwita hivyo, mpaka kwenye keki ile.

Miaka ishirini iliyopita, faili la dawa ya presha lilitakiwa kwenda kwa mamlaka ya dawa siku ya Ijumaa. Jumatano, mimi nimehesabu wagonjwa kumi na wanane waliozimia. Yeye kumi na tisa. Mimi mkongwe, yeye mkataba wake unaisha mwezi uleule, na ana mtoto mchanga nyumbani. Bosi wa wakati huo akamwambia, "Dada, rekebisha yako ifanane na ya mkubwa wako, tumalize."

Akajibu, "Bosi, nikinakili yake, mmeniajiri wa nini? Nionyesheni huyu wa kumi na tisa kakosea wapi, nitamfuta."

Ni nani kati yetu angethubutu? Alipekua rekodi za wagonjwa mia nne, mmoja mmoja. Alhamisi akampata: mama wa miaka hamsini na miwili, aliyeanguka bafuni siku nne baada ya kukatisha vidonge. Programu moja ilikoma kuhesabu mara tu mgonjwa alipomeza kidonge cha mwisho, ilhali tuliagizwa tuendelee wiki mbili zaidi. Tulipopitia upya majaribio mengine ya dawa hiyohiyo, wakajitokeza saba wa namna hiyo. Faili likachelewa wiki tatu.

Mkutanoni bosi, kwa kujikinga, akasema tumecheleweshwa na makosa ya "mgeni". Wote wakamgeukia. Mimi nikatazama viatu vyangu. Daktari wetu mkuu ndiye aliyesisitiza abaki kazini. Mimi, mwaka uliofuata, nikapandishwa cheo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Programu iliyokosea ilikuwa yangu. Yeye alijua tangu siku ile, na hakunisema popote. Shemeji, naona unatikisa kichwa. Kumbe hata wewe hukuambiwa! Nimeona aibu miaka ishirini, na leo namwomba radhi mbele ya wanawe.

Nani humu anameza dawa ile? Inueni mikono. Naam, hata Mheshimiwa Mkurugenzi! Karatasi ya ndani ya boksi inawaambia: "Usiache dawa hii ghafla bila kumwona daktari." Hakuna jina chini ya mstari huo. Mwenye mstari ni yule pale mwenye kitambaa cha kijani, anayejifuta machozi na kujifanya anatafuta miwani.

Hailingani, ulishinda, na ushindi wako unatembea mitaani kwa miguu yake.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa simameni tumpigie makofi, na mlioinua mikono mtangulie.