Dakta Mbodze na Kamba wa Bwawani

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio njiani, hamjambo. Jioni hii tunamkumbuka Dakta Mbodze Chengo, mwanasayansi wa maji baridi, tuliyemzika juma lililopita hapa Msambweni.

Maji baridi, ndiyo. Si bahari. Watu wa Diani walimwuliza kila mara mbona asisomee samaki wa bahari, kwenye watalii. Naye aliwajibu kwamba mtoto wa bara ya Kwale anaoga bwawani. Na bwawani ndimo mlimo na kichocho.

Alipoanza kazi, alikuwa mwanamke pekee maabarani. Wanaume walikwenda mtoni, yeye akaachiwa chupa za kuosha. Dada yake, Bi Kache, anakumbuka: "Siku moja alivaa gambuti za bwana mmoja, akapanda gari kabla yao. Zilimpwaya, lakini hakushuka."

Basi, wasikilizaji. Karibu na Lunga Lunga kuna bwawa. Watoto wa hapo walikuwa wakikojoa damu. Walimeza dawa, wakapona, wakarudi majini, wakaugua tena. Kichocho hupitia kwa konokono wa majini. Mbodze akatafuta kamba wa mtoni, wale wanaokula konokono, akawatia bwawani. Kamba wakila konokono, watoto hawaugui. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Wakaja wageni kutoka Nairobi kuamua kama kazi hiyo iendelee au ifungwe. Wanawake wa kijiji waliposikia Mbodze analeta wageni, walifanya kama tulivyolelewa sote: walipika. Wali wa nazi na mchuzi mzito. Wageni wakala, wakasifu, wakaongezwa. Ndipo mkubwa wao akauliza wako wapi kamba waliokuja kuwaona.

Mama Kanyiva, aliyepika, akajibu kwa furaha: "Si ndio hao mnaowala, baba. Tumewavua wote, hatukutaka mpungukiwe."

Bi Kache anasema Mbodze aliweka kijiko chini, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akawaambia wageni kwamba kosa ni lake. Habari za kamba aliwaeleza wanaume, barazani. Wanaoteka maji, wanaofua, wanaopika, hakuwaambia. Akaomba nafasi nyingine, safari hii aanze na wanawake. Wakampa.

Akaanza na Mama Kanyiva mwenyewe, kisha wakatia kamba wapya bwawani. Leo wanawake wa bwawa lile wanaingia majini kwa gambuti zao, za kuwaenea, na nyavu za konokono mkononi. Wanajua konokono yupi ana madhara na yupi hana. Watoto wanaougua wamepungua sana. Na Sidi, binti wa marehemu, anasomea maji baridi. Darasani mwao wasichana ni wengi, na chupa wanaosha kwa zamu, wavulana nao.

Kwa Bi Kache, kwa Sidi, kwa jamaa wote: poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, tunapoanzisha jambo la heri, tujiulize: aliye jikoni tumemwambia?

Siku ya matanga, vyungu alivisimamia Mama Kanyiva. Wali na maharagwe. Mgeni mmoja akamnong'oneza, mbona wale kamba wenu wa sifa hawapo?

Mama Kanyiva akamwongeza maharagwe.

"Wako kazini," akasema.