Futeni Jina Lake Kwenye Mwamba

Sogeeni wanangu. Wewe Mkubwa acha kusimama mlangoni kama askari wa benki, njoo ukae hapa kitandani, na wewe Kitinda zima hilo feni linalonipigia kelele, maana nina maneno ya kusema na pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimwa kwa kijiko. Daktari kasema nisiongee. Nimemsikia, lakini leo siyo zamu yake. Shemeji, wewe kaa hapo hapo kwenye kiti cha dirishani, na ukisikia nakutaja usinijibu mpaka nimalize, kwa sababu ukinijibu kwa ule upole wako nitashindwa kuendelea.

Mkubwa, naona unavyoniangalia. Jana ulinishika mikono yote miwili ukaniambia, "Mama, hilo jambo lina miaka kumi na tisa, waache waliosahau wasahau." Nikakuuliza nani aliyesahau, ukaniachia mikono. Leo asubuhi Baba yenu Mdogo alipokuja ukamzuia huko chini, ukamwambia mgonjwa amelala. Mgonjwa hakulala. Mgonjwa alikuwa anasikiliza, na ndiye aliyemtuma dada yako amkimbilie mgeni huyo na kumrudisha mpaka kwenye kiti hicho cha dirishani. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nimekuchelea wewe vya kutosha.

Tuanze na mali, ili anayengoja mali atulie. Nyumba ya mtaa wa juu, yenye vyumba vinne na bomba la uani linalovuja, ni yako Mkubwa, pamoja na kuvuja kwake. Hukuwahi kupenda gundi vidoleni na sikulaumu, una kichwa cha maandishi na mdomo wa kuongea na watu wa maofisini, na bila mdomo huo karakana hii ingekuwa imeshafungwa mara mbili. Karakana yenyewe, hii tuliyo juu yake, na meza zake, na keekee zake mbili za kutobolea mbao, na lile kabati la vipuri ambalo mlango wake haufungi mpaka uupige teke, ni ya Kitinda. Asije mtu akasema nimempa mdogo kwa mapenzi. Nimempa kwa sababu mwaka jana alilala chali chini ya boti ya mzee wa majarife, zile nyavu za papa, tangu asubuhi hadi alasiri, akitafuta mahali pa kuliweka sikio. Nasema sikio, shemeji anajua, kile kidude cha chini ya boti kinachopiga sauti majini kisha kikangoja irudi ili kioo kituambie chini kuna nini. Fundi mvivu huliweka pale mkono unapofika bila taabu, karibu na povu la pangaboi ya injini, halafu mvuvi wa watu anatazama kioo, anaona povu anadhani kundi la samaki, anatupa nyavu anavua maji. Kitinda alitafuta mpaka akapapata pale maji yanapopita laini, akatoka mgongo umejaa tope na uso unacheka. Ukiona vyaelea vimeundwa, mwanangu, na wewe unaunda.

Haya mengine unayajua lakini nayarudia, kwa kuwa mtu anayeondoka ana haki ya kurudia maneno. Waya wa sikio usiukate hata ukiwa mrefu kupita kiasi, uukunje uufunge pembeni. Usiulaze pamoja na waya wa injini, kioo kitajaa mistari kama mvua na mwenye boti atakulaani usimsikie. Fyuzi ikae karibu na betri. Na usimkabidhi mtu boti yake, hata akiwa na haraka, hata akiwa mume wako, kabla hujatupa bildi mahali patatu, kamba na risasi kama walivyofanya babu zenu, ukalinganisha urefu wa kamba na namba iliyo kiooni, na nahodha mwenyewe akiwa amesimama kando yako anaona. Mafundi wengine wanatucheka kwa hilo. Wanasema Mama Mitambo ana kioo cha kisasa na bado anapima bahari kwa uzi kama fundi cherehani. Waache wacheke.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu sikuzaliwa na sheria hiyo.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa fundi redio, na siku ya kwanza nilipoingia tumboni mwa boti na bisibisi mdomoni, ufukwe mzima ulicheka. Niliwafungia mitambo, boti moja baada ya nyingine, mpaka wakaacha kucheka. Wao waliacha, lakini mimi niliendelea kukisikia kile kicheko kila nilipokosolewa, na hayo ndiyo yalikuwa maradhi yangu. Ikafika zamu ya boti ya baba yenu, na nahodha wake alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, huyu aliyekaa dirishani. Nikafunga mtambo siku mbili. Siku ya tatu akaja na bildi mkononi, akasema kwa adabu zote, "Shemeji, kazi nzuri. Nipime kidogo tulinganishe, tupate kutoka." Alisema hivyo mbele ya mabaharia, nami nikaona ananiumbua. Nikamnyang'anya ile kamba nikaitupa gatini, nikamwambia kama anaiamini kamba kuliko mkono wangu akatafute fundi mwanamume. Mwingine angenitukana. Yeye aliniomba radhi, akasema, "Yaishe shemeji, nakuamini," akatoka baharini bila bildi kwa sababu alinistahi.

Mitambo hii ina mahali pa kuiambia ianze kuhesabu kina kutoka wapi, usoni mwa maji au chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa boti. Shemeji aliniagiza chini ya mkuku, ili namba anayoisoma iwe ni ya maji yaliyobaki chini yake. Mwenye boti niliyoifunga wiki iliyotangulia alitaka usoni, na mkono wangu ukafanya ulivyozoea, nikaacha usoni. Boti ile ikishiba samaki na barafu mkuku wake ulikuwa unazama mita mbili. Siku ya tano baharini, mchana kweupe, anarudi na shehena, akaingia mlango wa bandari, kioo kikamwambia mita mbili, naye akajua ana mita mbili za kupumulia. Hakuwa na hata unene wa kidole. Akapanda mwamba.

Hakufa mtu, hilo namshukuru Mungu. Baharia mmoja alivunjika mkono, mbao za chini zikafumuka, boti ikavutwa hadi ufukweni maji yakiwa yamefika kwenye mabenchi. Lakini mtambo ulikuwa juu kwenye kibanda cha usukani, mkavu, unawaka. Nami nilikuwa nimeshajua tangu niliposikia habari, njia nzima nimejua. Nikawa wa kwanza kupanda. Nikawaambia wangoje nikague. Nikabonyeza vitufe vinne, vinne tu wanangu, nikaihamisha hesabu kutoka usoni kwenda mkukuni, kisha nikawaita, "Njooni mwone wenyewe, mtambo hauna kosa." Wakaja, wakaona unahesabu chini ya mkuku kama nahodha alivyoagiza. Baba yenu akamgeukia ndugu yake, akamwambia ashuke na asishike tena usukani wa chombo cha familia hii. Shemeji alikitazama kioo, akanitazama mimi. Alijua. Nadhani alijua, akashuka, maana angesema nani angemwamini?

Baba yenu amekufa hajui. Nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na moja baada ya siku ile na sikumwambia, na ndugu wawili wakaenda wakisalimiana kwa kupunga mkono ng'ambo ya barabara. Ni kazi yangu hiyo. Na kuanzia siku ile watu wakamwita Kipofu. Mtu aliyeweza kuingiza boti gatini kwa kusikiliza mawimbi tu, amesukuma mikokoteni ya barafu miaka kumi na tisa, na vijana wanaomjua kwa jina hilo hawajui hata lilitoka wapi. Mimi nalijua. Siku nilipoanza kuwawekea watu ramani kwenye vioo, nikakusanya alama za miamba yote, na ule mwamba wa mlango wa bandari nikauandika kwa kidole changu, Mwamba wa Kipofu, kama walivyouita. Boti arobaini na moja zina ramani yangu. Kila inapopita moja pale, jina hilo linamtokea nahodha machoni, na fundi wa alama hiyo ndiye mama yenu.

Mkubwa, acha kukohoa. Najua unachotaka kusema, utasema wateja. Umeniambia nikilitoa hili watang'oa mitambo yetu na kuitupa, na jina la karakana litakwenda na maji. Liende. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo changu kiko hapo mlangoni kinavua viatu. Wakikimbia wote, Kitinda atengeneze redio kama nilivyoanza mimi. Nimebeba uongo huu kwa ajili ya jina la karakana mpaka mgongo umepinda, sikubali mtu aubebe baada yangu akidhani ni urithi.

Kwa hiyo nawaagiza. Kitinda, utapita boti kwa boti, zote arobaini na moja, bila kuruka hata ya mtu tuliyegombana naye. Utafungua ramani, utafuta lile jina, utaandika Kosa la Fundi. Wakikuuliza fundi yupi, utawaambia mama yangu. Usiinamishe kichwa unaposema, wala usilie mbele yao. Na ile boti mpya iliyo chini hapo, ambayo sikio lake bado liko kwenye boksi, usukani wake ni wa Baba yenu Mdogo kwa siku zote atakazoutaka, na fungu langu katika boti hiyo ni lake autake usukani au asiutake. Simlipi. Miaka hailipwi. Nampa kwa sababu ni nahodha, na boti inataka nahodha.

Nipeni maji. Kidogo tu... Basi.

Shemeji, sikuombi msamaha. Nawe Mkubwa sikia vizuri, usije ukawaambia watu mama alikufa akilia kuomba kusamehewa. Msamaha unaoombwa kitandani hivi ni wa kunyang'anya, nani atamnyima anayekata roho? Nilikunyang'anya kamba, shemeji, nikakunyang'anya ndugu, nikakunyang'anya jina. Hasira yako sitakunyang'anya. Kaa nayo upendavyo, ni mali yako halali, na mimi huko niendako sitasema umenionea.

Nani huyo... nimesikia kiti. Anasimama? Mpishe, Mkubwa. Usimshike mkono, usimwambie "Baba Mdogo, ngoja," mwache aende. Ana haki ya kutoka kwenye chumba hiki bila kuaga. Kitinda, mama, futa machozi. Mlango uacheni wazi.

Niwaeleze ya mwisho, maana naona mnaanza kuwa wengi humu na mko wawili tu. Mtanizika bila mtu wa kusimama kunisifu. Manahodha watakuja, wengi watakuja, na kabla hamjanifukia Mkubwa utasimama uwaambie kwamba mama yetu ndiye aliyekosea, siyo Baba Mdogo, na kwamba alibadilisha hesabu kwa mkono wake ili alaumiwe mwingine. Wewe, siyo dada yako. Dada yako angelisema hata leo, ndiyo maana sikumpa yeye kazi hiyo. Ukilisema, radhi yangu unayo, yote, mpaka kwa wajukuu wa wajukuu wako. Usipolisema, Mkubwa... nakupenda mwanangu, wewe ndiye uliyenifanya niitwe mama, lakini usipolisema, radhi yangu huna. Nimesema, na sitengui.

Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape riziki... ya kutosha na ya kugawa. Sisemi awape kutokukosea, hilo hampi mtu. Awape kukosea na kusema... siku hiyo hiyo... jua halijazama. Kitinda, Mungu akulinde huko chini ya maboti. Mkubwa, akupe... akupe sauti.

Sema sasa. Nataka kusikia kama utaweza. Sema, nami nipo.

Hapana, umenong'ona... Tena. Bado yuko kwenye ngazi, yule ana goti bovu... hushuka moja moja. Kwa sauti, mwanangu. Mama yetu ndiye...

Naam.

Hivyo. Hivyo hivyo... Mbona sisikii hatua? Amesimama? Msiende kuchungulia. Mwacheni... asikie. Sema tena.