Breki, Aliyeng'oa Vitunguu vya Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi, iweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka fundi baiskeli wa pale karibu na daraja la mpakani. Wengi mlimwita Breki. Tumemzika juzi.

Ukiingia bandani kwake ulilazimika kuinama kukwepa matairi yaliyoning'inia. Mlangoni palikuwa na beseni la maji ya mto, la kutafutia pancha. Kila msimu maji yale yalizidi kuwa mazito, hata tundu la pancha hulioni. "Huu si mto," alimwambia mkewe. "Ni mashamba ya watu yanapita."

Na kweli, kingo zote mbili zililimwa mpaka majini. Huku wakiacha, kule wanaendelea. Ndipo kamati ya kwetu na kamati ya ng'ambo zikaketi pamoja, zikakubaliana: ukingoni hapachimbwi, hapalimwi. Matete yaachwe yashike udongo. Sasa nani akague? Breki akasema wa huku wakague kule, na wa kule wakague huku. "Mimi nimng'olee mjomba wangu mahindi? Si nitalala njaa!" Watu wakacheka, wakakubali. Narudia: wa huku kule, wa kule huku.

Alichosahau ni kwamba dada yake ameolewa ng'ambo.

Siku ya kwanza tu ya ukaguzi, akavikuta vitunguu vya dada yake, vimestawi, vimeshuka hadi kwenye maji. Dada mwenyewe anasimulia: "Nikamuuliza, kaka, umekuja kula au umekuja kuniaibisha? Akasema, vyote viwili, dada. Akakunja suruali, akaanza kung'oa. Majirani wote wanatazama kama ataruka tuta langu."

Hakuliruka. Angeliruka lile moja, wasikilizaji, kesho yake nani angemsikiliza?

Lakini dada alinuna. Akipita darajani, uso anageuzia upande wa pili. Mkewe Breki anakumbuka: "Akisikia kengele ya baiskeli ya dada yake, anatoka mlangoni na spana mkononi. Baiskeli haisimami. Roho ilimuuma, ila hakurudi nyuma."

Kisha ikaja ile mvua kubwa. Matete yakashika. Shamba la dada halikuondoka na maji. Asubuhi akaikokota baiskeli hadi bandani, tairi halina upepo. Hawakuombana radhi. Alisema tu, "Jaza, we mkaidi." Na mwaka uliofuata akajiunga na wakaguzi wa ng'ambo, wale wanaokagua ukingo wetu.

Juzi, wanawe Breki walitaka kumlaza baba yao chini kabisa ya kiwanja chake, karibu na maji aliyoyapenda. Jembe lilikuwa limeshainuliwa. Mara shangazi yao akatokea darajani, machozi yanamtiririka.

"Acheni! Hapo hapachimbwi. Mimi aning'olee vitunguu, halafu yeye mumchimbie ukingoni? Atanifufukia huyu!"

Watu walicheka huku wanalia. Kaburi likachimbwa juu, kwenye mteremko.

Mama mjane, watoto, na wewe dada wa ng'ambo, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki, wa huku na wa kule, tushuke mtoni tutazame sehemu zetu. Kila mmoja ajiulize: Breki angepita kwangu leo, angekunja suruali?