Waya Mahali pa Fyuzi

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyekuja kutuwashia transfoma mpya, Mkurugenzi wa shirika la umeme na maofisa wako, Mwenyekiti wa mtaa, ndugu majirani, na wewe Bwana Zima, fundi wetu unayestaafu leo, ambaye kwa itifaki ilinipasa nikutaje mwisho: wakubwa shikamooni, wengine poleni na joto.

Nimeombwa nishukuru kwa niaba ya wakazi. Nitashukuru, ila kwanza tuambizane ukweli.

Miaka ishirini na sita fundi huyu amegonga milango yetu kila kiangazi. "Mama, zima hita. Baba, kiyoyozi na dirisha wazi, wapi na wapi?" Tulimjibu nini? "Kwani umeme ni wa baba yako?" Tukambandika jina hili la Zima, tukacheka. Mwaka jana alinikuta barazani, akaniuliza, "Mwalimu, saa hizi hita yako inamchemshia nani maji?" Nikamjibu, "Wewe, ukija kuoga." Baraza zima likaangua kicheko, nami nikajiona mjanja.

Na fyuzi zilipokatika kwa kuelemewa, tulifanyaje? Tulizing'oa, tukafunga kipande cha waya mnene, tukanong'onezana ujanja huo uani kama watu waliogundua dawa. Fyuzi ilikuwa ikituambia tumezidisha. Tukaikata ulimi.

Siku ya tisa ya joto lile la kiangazi hiki, saa nane mchana, transfoma ya zamani ililipuka. Shangazi yangu, mshonaji aliyewashonea nusu yenu sare za shule, alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mtungi wa akiba ulikwisha saa tisa. Gari la wagonjwa lilikuwa linahangaika na wengine. Nilimpepea kwa gazeti. Akaniambia, "Pumzika, mwanangu, unatoka jasho." Hakusema tena.

Msiniambie ni kazi ya Mungu. Mungu hakufunga waya ule. Bwana Zima alipokagua nyumba zetu arobaini na tatu, alikuta waya katika thelathini na moja. Yangu ilikuwamo. Na hita yangu ilikuwa inawaka, siku ambayo hata maji ya bomba yalitoka ya moto!

Leo mnashangilia kwamba transfoma hii ni kubwa mara mbili. Italishwa na nini? Na mtambo uleule unaochoma mafuta, ambao moshi wake unaongeza joto, nalo joto linatufanya tuwashe viyoyozi zaidi. Hivi nani kati yenu, akikimbia mvua, hujitosa mtoni? Kila kiangazi kinakuja kikali kuliko kilichopita, na bado tunaacha taa zikiwaka mchana kana kwamba jua limetuambia haliji.

Bwana Zima, wenzako wamekupa saa ya ukutani. Mimi nakupa hiki: waya wangu, nilioung'oa kwa mkono huu. Nisamehe kwa kicheko kile. Ahsante kwa kugonga hata tulipokufungia mlango.

Mheshimiwa, nakuomba usiwashe bado. Nyaya thelathini zingali majumbani, na wenyewe wameketi hapa mbele yako, wananikwepa macho. Wape nusu saa waende na fundi wakazitoe. Najua ratiba yako imebana. Shangazi yangu hakuipata nusu saa hiyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa inukeni.