Levi Wabwile, Mtunza Maua wa Makaburi ya Kitale

Levi Wabwile alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kibabii, Bungoma, katika familia ya wakulima. Kaka yake mkubwa, Mzee Khaemba, husema mdogo wake alijifunza kutembea akiwa na tope mkononi.

Alisoma Kibabii, kisha akapata cheti cha kilimo cha bustani mwaka 1983. Wenzake walitaka ofisi. Levi alitaka udongo!

Mwaka 1984 aliajiriwa kutunza bustani na kitalu cha mji wa Kitale. Huko ndiko Phelista, mwalimu kutoka Kiminini, alikonunua mche wa parachichi, ukafa. Akanunua mwingine, nao ukafa.

“Wewe unaniuzia miche mibovu ndio nirudi?”

“Sasa wa tatu nitakuja kuupanda mwenyewe, mwalimu.”

Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989. Mparachichi huo unazaa hadi leo!

Mwaka 1997 alifanywa msimamizi wa makaburi haya ya umma. Wakati huo ng'ombe walilishwa juu ya wenzetu! Levi aliyazungushia wigo wa miiba ya kayaba, akaleta miche, na kila aliyeletwa kuzikwa bila jamaa alipandiwa ua lake. Levi alivua kofia na kusimama pale kama ndugu. Ndiyo, kwa kila mmoja! Alistaafu mwaka 2021, lakini jembe hakuliweka chini.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, na mwaka jana figo zikachoka. Desemba aliiambia familia kwamba angependa kuzikwa hapa. Nyumba ikawaka moto kwa ubishi.

“Ati makaburi ya serikali?” Mzee Khaemba alifoka. “Si hiyo ni ya watu hawana kwao? Watasema tulikutupa!”

Levi alichukua mkongojo, akamleta kaka yake humu ndani, polepole, kaburi kwa kaburi.

“Huyu aliuza viatu sokoni. Huyu alikuwa mpishi. Huyu hatukujua jina, nikampa waridi la manjano. Wote niliwaambia hapa ni kwao, Mzee. Nikikimbilia Kibabii sasa, si nitakuwa nimewadanganya?”

Mzee aliinama kulitazama waridi lile. Kisha akauliza, “Na mimi nikija kukuona, nitakaa wapi?”

“Benchi nimeshaweka, bana.”

Levi alifariki hospitalini Kitale asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Februari 2025. Alhamisi, vijana wa ukoo walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi Kibabii. Mzee Khaemba aliwasimamisha, akawaambia wafukie, wabebe majembe yao, wapande gari. Kaburi hili lililo mbele yetu, kando ya waridi la manjano, wamelichimba wao.

Ameacha mjane, Phelista, watoto, Mukhwana na Nasimiyu, wajukuu watatu, kaka yake, Mzee Khaemba, aliyeketi pale kwenye benchi, na majirani wote waliolala humu.

Pumzika kwa amani, Levi. Hapa ni kwenu.