Nondo za Mzee Subhash

Basi lililotoka Kisii lilikuwa linakaribia Nyakoe, na Onsare, fundi wa kuchomelea madirisha, alikuwa amejifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake Mzee Subhash, mwenye duka la vitabu mjini, alikuwa akimweleza Zaki, kijana aliyesomea kompyuta, jinsi alivyoilinda kompyuta mpya ya dukani, inayotumia mfumo wa Linux.

“Kwenye faili la ulinzi, ule mstari wa kukataa wageni wote nimeuwekea alama ya nondo mbele. Vijiti viwili vimesimama, viwili vimelala. Kama dirisha langu tu.”

“Mzee, hiyo si nondo. Ukiiweka mbele, mashine inauruka mstari wote, inadhani ni maneno yako ya kujikumbusha. Laini ya simu inayoipa intaneti uliichomoa?”

“Ya nini? Kuna nondo!”

“Basi yeyote anaingia.”

“Miaka thelathini naweka nondo, hakuna mwizi ameingia. Wewe wa juzi utaniambia nini?”

Onsare, aliyezichomelea nondo hizo, alitamani safari irefuke. Lakini basi likasimama. Mzee akashuka akinung’unika kwamba vijana hawajui kitu, akavuka barabara haraka, akalipungia mkono basi la kurudi Kisii.